Livingstone, Wapagazi Wake na Jicho la Mtoto wa Rutamba

Mwaka jana nilipigwa sapu ya baiokemia. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani anayeandika hapa ni yule wa kiti cha mbele. Swali lililonimaliza lilikuwa moja, la alama kumi na tano: eleza jinsi vitamini A inavyosafirishwa kutoka kwenye utumbo hadi kwenye tishu za mwili. Nikajibu kwa nusu ukurasa. Mtu anakula karoti, vitamini inaingia kwenye damu, damu inaipeleka machoni. Basi. Kama vile damu ni daladala, ukishapanda tu umefika Posta.

Sapu zipo, watu wanapigwa, wanapiga msuli kwenye vimbweta, wanarudia, maisha yanaendelea. Hii yangu isingefika kwenye jarida kama nisingekwenda likizo nyumbani Rutamba na ujinga ule ule wa nusu ukurasa kichwani.

Kwetu Rutamba, mkoani Lindi, ni bara kidogo kutoka pwani. Kuna ziwa, kuna mikorosho, na kuna muhogo. Muhogo hasa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka mitatu. Mwezi wa tano aliugua surua akapona. Mwezi wa sita alipelekwa kupata matone ya vitamini A kama watoto wote, kadi ya kliniki imeandikwa vizuri. Mimi nilifika mwezi wa nane. Nikakuta miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele zimekuwa laini, rangi ya kutu. Majirani wameshatoa hukumu yao kwamba mtoto kabemendwa, maana kwetu mtoto akivimba miguu wazazi ndio wanaoshtakiwa. Na jua likishazama tu, mtoto anagonga kinu, anagonga mlango, anatambaa kumtafuta bibi aliyekaa hatua mbili mbele yake.

Bibi akaniuliza mimi, msomi wa nyumba. Nikaomba kadi ya kliniki, nikaisoma, nikamwambia kwamba hii ya macho haiwezi kuwa vitamini, matone kapata juzi tu, tusubiri. Tukasubiri siku kumi. Siku ya kumi na moja jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe katikati, ndipo tukampakia kwenye bodaboda.

Alilazwa wiki tatu Lindi. Yuko hai, anakimbia, jicho la kulia ni zima. La kushoto lina kovu.

Niliporudi chuoni kujiandaa na sapu niliisoma mada ile kwa hasira. Katika historia yake, ukurasa wa kwanza kabisa, nikakutana na jina ambalo sikulitegemea: David Livingstone. Yule wa darasa la sita! Tulimkariri kwenye orodha ya mawakala wa ukoloni, wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, yeye akiwa wapelelezi na wamisionari kwa pamoja, kwa hiyo mwalimu alisema tusimsahau, anaweza kutokea mara mbili. Sasa huyu mzee anatafuta nini kwenye vitamini? Nikaacha sapu kwa siku mbili nzima nikasoma maisha yake. Nayasimulia hapa kama nilivyoyaelewa, na upande ninaoujua mimi.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 Blantyre, Uskoti, mtoto wa nyumba maskini. Familia nzima iliishi chumba kimoja kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka kumi aliingia kiwandani kuunganisha nyuzi zinazokatika kwenye mashine, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kisha akaenda darasani usiku. Mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Wale wanaolalamika bumu limechelewa wamfikirie huyo. Mwaka 1836 alianza kusoma udaktari Glasgow, akafuzu 1840. Alitaka kwenda China, vita vya kasumba vikamzuia, akaletwa Afrika Kusini 1841.

Miaka yake ya umisionari naipitia haraka, kwa sababu hata yeye aliipitia haraka. Aliyembatiza kwa mafanikio ya kutajwa ni chifu Sechele wa Wakwena, na naye baadaye alirudi kwa mmoja wa wake zake wa zamani. Mwaka 1844 simba alimkamata bega la kushoto pale Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono. Mfupa ukaunga vibaya. Msomaji auweke akilini mfupa huo, utarudi. Mwaka uliofuata akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, ambaye aliburuzwa jangwani na watoto wadogo kwa safari za mumewe, akafa kwa homa Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Kwa maoni yangu huyo mama ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote, na darasa la sita hatukumsikia.

Safari iliyompa jina ilianza Novemba 1853. Aliondoka Linyanti, makao ya Sekeletu mfalme wa Wakololo, akiwa na wanaume 27 aliopewa na mfalme huyo pamoja na pembe za ndovu za kulipia gharama. Yaani hata mtaji ulikuwa wa Mwafrika. Wakafika Luanda kwenye bahari ya Atlantiki Mei 1854, yeye akiwa amekonda kwa homa na kuhara. Akapewa nafasi ya kupanda meli kurudi kwao, akakataa, kwa sababu aliahidi kuwarudisha wale wanaume makwao. Akawarudisha kweli. Halafu akaendelea kwenda mashariki, akapita Mosi-oa-Tunya mwezi Novemba 1855 akayapa maporomoko jina la malkia wake, akatokea Quelimane pwani ya Msumbiji Mei 1856.

Ni kwenye kitabu cha safari hiyo, kilichotoka 1857, ndipo alipoyataja macho. Alipita nchi ambazo chakula ni muhogo na muhogo tena. Aliula yeye mwenyewe, akaona mtu anashiba sasa hivi na baada ya saa mbili ana njaa kama hajala. Akaandika kwamba wanaoishi kwa chakula cha namna hiyo macho yao yanadhoofika, kama wanyama waliolishwa wanga mtupu kwenye majaribio. Majaribio ya namna hiyo yalikuwepo: mwaka 1816 Mfaransa François Magendie aliwalisha mbwa sukari na maji tu, wakapata vidonda kwenye kioo cha jicho kisha wakafa. Livingstone alikuwa daktari, akayaunganisha mambo mawili. Hakujua kuna vitamini. Hakuna aliyejua. Kitu hicho kinachokaa ndani ya mafuta ya chakula kilikuja kutambulika mwaka 1913, yeye akiwa kaburini miaka arobaini.

Niliposoma hapo nilisimama nikatoka nje ya maktaba. Mtu aliyepita na ng'ombe wa kupanda, asiye na maabara, aliona muhogo na macho akaunganisha. Mimi na kadi ya kliniki mkononi sikuunganisha.

Ila bado kulikuwa na fumbo. Matone alipata. Sasa vitamini ilikwenda wapi?

Inaanza hivi. Kwenye maini, maziwa, mayai na samaki vitamini A iko tayari, imefungwa pamoja na mafuta. Kwenye mchicha, kisamvu, embe na papai iko kama karotini, ambayo mwili unaibadilisha wenyewe. Zote mbili zina tabia moja: haziyeyuki kwenye maji. Damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo daladala yangu ya mtihani ilikufa hapo hapo, huyu abiria hawezi kupanda peke yake. Kwenye utumbo mwembamba nyongo inayavunja mafuta kuwa matone madogo, seli za utumbo zinaichukua vitamini na kuifunga ndani ya kifurushi cha mafuta chenye ganda la protini kinachoitwa kailomaikroni. Ndiyo maana kisamvu cha tui la nazi kinafaa kuliko kisamvu cha chumvi na maji. Kifurushi hakiingii moja kwa moja kwenye damu. Kinapita kwanza njia ya limfu, kinaingia kwenye damu karibu na moyo, na mwisho kinapokewa na ini. Kwenye ini kuna seli zenye umbo la nyota, na humo ndimo ghala lilipo. Mtu mzima aliyekula vizuri anaweza kuwa na akiba ya miezi mingi.

Mpaka hapo mdogo wangu alikuwa sawa na watoto wengine. Matone yalipita, pengine hata ghalani kuliingia kitu. Tatizo ni namna ya kutoka ghalani. Kabla sijafika huko nimrudishe Livingstone, maana sasa anakuja kwetu kusini.

Januari 1866 aliteremka Unguja kwa mara nyingine, Sultani Majid akampa barua ya kumtambulisha. Tarehe 24 Machi akashuka Mikindani. Ukitaka kucheka soma orodha ya msafara: askari 13 wa Kihindi, wanaume 10 wa Nzwani, vijana 9 waliosomeshwa shule ya Nassick kule India, ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama, nyumbu wa kubebea mizigo 2 na punda 4. Alitaka kujua kama ngamia na nyati wanaweza kuhimili mbung'o. Wamakonde wakakodishwa kufyeka njia kwa mashoka, kwa sababu njia zao zilimtosha mtu, hazikumtosha ngamia. Wakafuata Ruvuma. Wanyama wakafa mmoja mmoja, kwa mbung'o na kwa kupigwa na askari wale. Njaa ikawakuta, maana nchi ilikuwa imeshafagiliwa na biashara ya watumwa. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikiteremka Kilwa na Lindi, na Livingstone aliandika maiti alizozikuta njiani, zimefungwa kwenye miti. Nilizaliwa kwenye mkoa huo. Njia hizo ni zetu.

Askari aliwarudisha. Wale wa Nzwani wakamkimbia, wakafika Unguja mwishoni mwa mwaka wakatangaza amekufa. Januari 1867 mpagazi mmoja akatoroka na sanduku la dawa, na kwinini yote ikaenda. Kwa daktari mwenye malaria hiyo ilikuwa hukumu, na alijua. Akala mahindi makavu hadi meno ya mbele yakalegea. Akasafiri kwa hisani ya wafanyabiashara wa Kiarabu ambao biashara yao aliilaani kwenye kila barua, na sijaona mahali anapolimaliza vizuri jambo hilo moyoni mwake. Julai 1871, pale Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona watu wa msafara wakifyatua bunduki sokoni na mamia wakifa, wengi wanawake waliokuja kuuza. Akarudi Ujiji amevunjika. Mwaka huo huo Stanley akamkuta, habari ambayo kila mtu anaijua na ambayo kwa hadithi yangu haina kazi, isipokuwa kwamba Stanley aliporudi pwani alimtumia wapagazi zaidi ya hamsini. Hao wana kazi.

Miongoni mwa waliokuwa naye tangu Mikindani walikuwemo wawili. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, aliajiriwa kwenye safari ya Zambezi miaka ya nyuma. James Chuma alikuwa Myao, alikombolewa akiwa mtoto kutoka kwenye mnyororo wa watumwa mwaka 1861, akapelekwa Bombay shuleni, akarudi na Livingstone 1866. Kulikuwa pia na Halima mpishi, Jacob Wainwright aliyesoma Nassick, na Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Unguja.

Livingstone alikufa kwenye kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akivuja damu tumboni kwa muda mrefu, na siku za mwisho walimbeba kwenye machela.

Sasa wale watu walikuwa na maiti, mvua, na pwani iko zaidi ya kilomita 1,500. Kwa desturi ya wakati ule msafara wenye maiti hauruhusiwi kupita kijiji cha watu. Wangeweza kumzika pale wakaenda zao, na nani angewalaumu? Wakaamua atapelekwa kwao.

Maiti haisafiri hivi hivi. Farijala akapasua, kwa sababu alishaona daktari akifanya. Wakatoa moyo na vitu vya ndani, wakavizika kwenye kisanduku cha bati chini ya mti wa mpundu, Wainwright akasoma sala na kuchonga jina kwenye gome. Wakatia chumvi ndani ya mwili, wakaukausha juani siku kumi na nne. Wakakunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi. Wakauzungushia kitambaa, kisha gome la mti lililochunwa zima kama bomba, kisha wakashona turubai juu yake na kupaka lami. Ukafungwa kwenye mti wa kubebea, wawili wanabeba.

Safari ikachukua miezi tisa. Wengine wakafa njiani. Karibu na Tabora mwezi Oktoba wakakutana na msafara wa Luteni Cameron uliotumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akashauri azikwe pale pale, kwa nini kuhangaika. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, watu wakakataa katakata maiti isipite. Hapo wapagazi wakafanya jambo ambalo nikilisoma nacheka peke yangu. Wakatangaza kwamba basi, wamekubali kuirudisha Unyanyembe kuzika. Wakafunga mabua ya mtama kwa sanda kama maiti, watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni kubwa, usiku wakayatupa mabua porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo, mtumba kama mitumba mingine ya msafara, ukapita mbele ya macho ya watu. Februari 1874 ukafika Bagamoyo.

Nilipofika hapo nilishika kalamu nikaanza kuandika jibu la sapu. Kwa kweli ndivyo lilivyo.

Ini linapotaka kutoa vitamini A, linaitoa kama retinoli, na retinoli peke yake haipiti kwenye damu. Haiyeyuki, na ikijipenyeza hovyo inaumiza ngozi za seli. Kwa hiyo ini lenyewe linatengeneza protini maalumu ya kuibeba. Protini hiyo waliitambua Kanai, Raz na Goodman mwaka 1968. Ina mfuko katikati, na mfuko unaingia retinoli moja tu. Mpagazi mmoja, mzigo mmoja, na mzigo umefichwa ndani kiasi kwamba damu haijui umebebwa nini. Ila mpagazi huyu ni mdogo mno, akipita kwenye figo anachujwa na kupotea na mkojo. Kwa hiyo anashikana na protini nyingine kubwa zaidi, transtairetini, na wakiwa wawili figo haiwapitishi. Wanafika kwenye jicho. Kwenye ukuta wa seli kuna mlango wa kumpokea, unaitwa STRA6, umejulikana mwaka 2007 tu. Retinoli inaingia. Ndani ya jicho inageuzwa na kuunganishwa na protini ya retina kuwa rodopsini, kitu kinachokamata mwanga hafifu wa magharibi. Kwenye tishu nyingine inageuzwa kuwa asidi ya retinoiki, inayoingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamrisha jeni zipi ziamke. Ngozi ya mbele ya jicho inategemea amri hizo ibaki laini na yenye unyevu. Zikikosekana inakauka, inatoboka.

Na mpagazi ametengenezwa na nini? Na protini, yaani maharage, dagaa, mayai, kunde. Mtoto anayekula uji wa makopa asubuhi na ugali wa muhogo jioni hana cha kumtengenezea mpagazi. Mwaka 1973 timu iliyojumuisha Goodman huyo huyo ilitoa matokeo ya watoto wa Misri wenye utapiamlo mkali. Walipolishwa protini na chakula cha nguvu, hata bila kuongezwa vitamini A, kiwango cha vitamini kwenye damu kilipanda. Ilikuwepo kwenye ini, na ilikosa wa kuibeba.

Mdogo wangu alikuwa na mawili pamoja. Surua ilikula akiba na kumwongezea mahitaji, kisha uvimbe ule wa miguu ulikuwa unasema protini hakuna. Kwamba surua na vitamini A vinahusiana tulijua hapa hapa Tanzania. Kule Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa, wengine wakapewa dozi kubwa ya vitamini A na wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 1987: waliopewa walikufa 6, wasiopewa 12. Idadi ni ndogo, mwanatakwimu atanikoromea, lakini kazi nyingine baadaye zilifuata mwelekeo huo huo, na leo mtoto wa surua anapewa dozi hospitalini. Matone ya mwezi wa sita hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa langu, kusoma kadi na kuacha kutazama miguu.

Mfano wangu wa wapagazi una mahali unapochechemea, nikubali. Vitamini haifi njiani, na protini haina uaminifu wala ujanja wa mabua ya mtama, inafuata umbo lake tu. Lakini kuna sehemu moja unakaa sawasawa hadi unauma. Mpagazi akishatua retinoli kwenye seli, umbo lake linabadilika, hashikani tena vizuri na yule mwenzake mkubwa. Anabaki mwepesi, peke yake, anafika kwenye figo, anachujwa na kuvunjwavunjwa.

Bagamoyo walipokewa kwa namna hiyo. Ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja ukachukua mwili, wapagazi wakalipwa ujira wao wakaambiwa kwaheri. Wainwright peke yake alisindikiza jeneza hadi Uingereza. Kule daktari mmoja, Sir William Fergusson, alipasua gome na turubai akapapasa mkono wa kushoto, akaukuta mfupa uliounga vibaya tangu simba wa 1844, ndipo wakaamini. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakakaa na Horace Waller kumsaidia kuhariri shajara za mwisho, kwa sababu bila wao nusu ya majina ya mahali na matukio isingeeleweka. Chama cha Kijiografia cha London kikatengeneza medali 60 kwa ajili ya msafara ule. Zilipofika, wengi walishatawanyika.

Chuma alirudi kwenye kazi yake. Aliongoza misafara ya UMCA ya huku kusini, misheni ile ambayo mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka nayo Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha Masasi. Mwaka huo huo wa 1876, kule Ulaya, Carl von Kupffer alieleza zile seli za nyota za kwenye ini, bila kujua ni ghala la nini. Mwaka 1879 Chuma alikuwa mkuu wa msafara wa Joseph Thomson kwenda Ziwa Nyasa. Alifariki Unguja 1882. Susi naye alifariki hapo hapo Unguja, 1891.

Sapu nilipata B. Niliandika kurasa tatu, mabua ya mtama sikuyataja.

Likizo iliyofuata nilinunua Lindi mjini trei mbili za mayai na kilo mbili za dagaa wakavu, nikapanda gari la Rutamba na trei magotini, mabonde yote yale. Bibi akanicheka, maana kuku tunao. Ila mayai ya kuku wetu huwa yanakwenda dukani kubadilishwa na sukari na sabuni, na hilo sote tunalijua. Tukakubaliana na mama mdogo kwamba kuku wawili wawe wa mtoto, mayai yao hayatoki nje ya nyumba. Kisamvu anaendelea kukitwanga kama zamani, ila sasa karanga na tui vinaingia.

Jioni nilikaa kibarazani kumtazama. Magharibi ilishaingia, taa haijawashwa. Alitoka ndani mbio, akakizunguka kinu upande wa kulia, upande wa jicho zima, akaja kuniomba simu aangalie picha.